Chumba Kilichooshwa Kila Asubuhi

Kazi ya shangazi yangu ni kuharibu kuta. Mpe ukuta mpya uliopigwa plasta jana, naye baada ya siku mbili atakurudishia ukuta ambao ungeapa una miaka hamsini na umeyaona mengi. Anachemsha majani ya chai kwenye sufuria ambayo Bibi alishaisusa, anachanganya na masizi ya mkaa na gundi kidogo, anapaka kwa kitambaa kilichoviringishwa, kisha anakwangua kwa msasa pale tu ambapo bega la mtu lingegusa akipita. Wenyewe wanaiita kuzeesha. Alianza kama fundi rangi wa nyumba za watu, na majirani mpaka leo hawaelewi ilikuwaje mtu aliyejua kupaka vizuri vile akaamua kupaka vibaya.

Nikiwa darasa la sita alifanyia mazoezi ukuta wetu wa uani. Matundu ya risasi. Patasi ndogo, nyundo, na majivu ya kupuliza kuzunguka kila tundu. Jirani aliporudi kazini alichungulia juu ya ukuta, akauliza kwa sauti ya chini kama humu ndani tu wazima. Shangazi akamjibu kwamba tu wazima kabisa, ila matundu mawili yamekaa vibaya, atayarudia kesho.

Siku hiyo ndipo niliposikia sheria yake. Alifunga uzi kwenye kila tundu, akazivuta nyuzi zote mpaka upande wa pili wa ua, akaniuliza mwenye bunduki alisimama wapi. Nikasema sijui, labda hapa. Akasema kama sijui, basi hilo si tundu la risasi, ni pambo. Kila tundu lazima liwe na mtu aliyelipiga, na mtu huyo awe amesimama mahali. Nikazitazama zile nyuzi zikikutana sehemu moja, karibu na kamba ya nguo nilipokuwa nimesimama, nikahama.

Bibi haipendi kazi hiyo, na sababu naijua. Nyumbani kwetu vita havitajwi, vinaitwa "ule mwaka". Ule mwaka, miaka thelathini na minane iliyopita, askari waliwakusanya wanaume wa mtaa wetu mbele ya soko, wakawapandisha kwenye malori matatu. Mmoja wao alikuwa babu yangu, fundi baiskeli, mguu wake wa kushoto mfupi kuliko wa kulia, kiatu chake kimoja kikiwa na soli nene ya mpira aliyoishona mwenyewe. Baba yangu alikuwa bado tumboni. Shangazi alikuwa na miaka tisa. Aliyakimbilia yale malori mpaka darajani, akayaona yakiishia kwenye barabara kuu. Kwa hiyo familia nzima ilijua walipelekwa mbali. Bibi aliandika barua kwa kila gereza alilolisikia, hata yale yaliyo mwisho wa nchi, na hakuna lililojibu.

Shangazi aliniambia mara moja, tukiwa tunafua, kwamba yeye hataki mengi. Kulipiza hataki. Nani alifanya, hiyo nayo ameshaiacha. Anataka kujua wapi. Akasema Bibi anazeeka, na mtu hawezi kuzeeka vizuri huku anasikiliza mlango.

Likizo ya mwaka jana, watu wa filamu wakaja shuleni kwetu. Ilikuwa filamu ya vita, na walilitaka lile jengo la zamani lenye kidato cha tatu, la matofali mekundu na madirisha marefu. Walimchukua Shangazi azeeshe kuta. Nilimpelekea chakula cha mchana karibu kila siku, kwa hiyo baadhi ya haya niliyaona kwa macho yangu, na mengine alinisimulia mwenyewe, baadaye, alipoweza.

Mwongozaji alikuwa kijana wa kofia, msemaji, anayetembea akiwa ametengeneza dirisha kwa vidole vyake na kuutazama ulimwengu kupitia hapo. Alitaka moshi. Alitaka kuta nyeusi, dari iliyobomoka, mwanga wa rangi ya machungwa, vumbi likielea. Aliyesimamia muonekano wote alikuwa mama mmoja wa makamo, mbunifu wa mandhari, yaani mtu anayeamua kila kitu ambacho jicho litakiona ukiwaondoa waigizaji: rangi, viti, vikombe, ufa wa kioo. Mafundi walimwita Mama Futi kwa sababu ya futi ya kupimia iliyoning'inia kiunoni mwake kama silaha. Hakuupenda moshi. Alisema kila filamu ya vita ina moshi, na mtazamaji akiuona tu anatulia, kwa sababu anajua yuko kwenye filamu. Mwongozaji akamwambia, "Mama yangu, vita bila moshi ni harusi." Wakacheka wote, Mama Futi akaandika kitu kwenye daftari lake, na Shangazi akapewa siku tatu za kulipaka darasa letu masizi.

Alimaliza, na ilitisha kweli. Dawati langu nililitambua kwa tabu.

Sasa, mlango wa jengo lile una mwenyewe. Shuleni kwetu yuko mzee tunayemwita Kengele. Ndiye anayetunza funguo, ndiye anayesafisha, na ndiye anayepiga kengele tangu kabla walimu wetu wengi hawajazaliwa. Hajawahi kuchelewa hata dakika. Sisi wanafunzi husema hata kifo kikija kumchukua itabidi kifuate ratiba. Kengele ana ugonjwa mmoja, havumilii kitu kilichokaa vibaya. Ukigeuza dawati atalirudisha. Ukipachika ramani imepinda kidogo atakuja na ngazi, wakati wa kipindi, mwalimu akiwa anaongea, aiweke sawa, aondoke.

Basi aliingia na funguo zake, akasimama katikati ya yale masizi, akaangalia kuta, dari, sakafu. Shangazi alidhani atalalamika kuhusu usafi.

"Hapakuwa hivi," Kengele alisema.

Mwongozaji akamuuliza palikuwaje.

"Palikuwa pasafi. Pasafi kuliko mnavyopaona siku za shule. Sakafu ilioshwa kila asubuhi, kabla jua halijatoka."

Mwongozaji alicheka, kwa heshima, akasema mzee wangu, vita gani hivyo vya usafi. Kengele akaomba radhi. Akasema yeye ule mwaka alikuwa kwao kijijini, amesikia tu. Akaondoka bila kufunga mlango, jambo ambalo, niwaambie, si lake.

Mama Futi alikuwa ameacha kupima. Futi ilikuwa imebaki wazi mkononi. Akamwambia mwongozaji afikirie chumba chenye masizi, halafu afikirie chumba kinachong'aa, sakafu bado mbichi, ndoo zimepangwa. Kwenye cha kwanza unaona kilichotokea. Kwenye cha pili unajiuliza ni nini hicho kinachohitaji kuoshwa kila siku. Mwongozaji akatengeneza dirisha lake la vidole, akazunguka chumba kizima, akalishusha. Kesho yake Shangazi aliamriwa aondoe kazi yake yote ya siku tatu na kulisugua darasa mpaka ling'ae.

Hapo ndipo filamu ile ilipogeuka. Moshi ulikwenda. Machungwa yalikwenda. Mwanga ukawa mweupe wa asubuhi, ule usioficha kitu. Kamera, ambayo mwanzoni ilikuwa ibebwe begani ikitikisika na kukimbia, ikawekwa chini kwenye miguu mitatu, ikaambiwa itulie. Nilisimama mlangoni siku ya kwanza walipojaribu. Hakukuwa na mtu ndani, ni sakafu tu ikikauka polepole kutoka pembeni kuja katikati. Nilitamani mtu aseme kitu.

Shangazi akaanza kumtafakari Kengele. Ukimuuliza swali, jibu ni lilelile: sijui mimi, nilikuwa kijijini. Alimuuliza kama askari walilala pale, hajui. Kama kulikuwa na taa, hajui. Lakini siku waliyotundika balbu katikati ya dari, Kengele alipita, akarudi nyuma hatua mbili, akasema balbu ilikuwa kule karibu na mlango, kwa sababu ikiwa katikati ingeonekana kutoka barabarani. Akajishtukia, akasema hivyo ndivyo alivyosikia.

Shangazi aliniambia aliukamata ule uzi na hakutaka kuuvuta kwa nguvu. Akaanza kukosea makusudi.

Alipaka rangi ya kijani kufikia begani. Kengele akasema ilifika usawa wa dirisha. Aliweka vitanda viwili. Akasema havikuwepo, ilikuwa meza ndefu. Aliweka ndoo tatu. Kengele akasema tano, na ya tano ilikuwa na kifuniko. Hakuna aliyeuliza ya tano ilikuwa ya nini. Mama Futi alikuwa ameshaelewa mchezo, lakini alijifanya yuko bize na mapazia, na kila Kengele alipotoka, Shangazi alirekebisha kosa hilo na kuweka lingine. Mwongozaji yeye alifurahi tu. Aliwaambia wenzake kwamba chumba kile kina roho, kwamba mikono yake inamsisimka. Hakujua ni kwa nini kinakuwa hivyo. Siku baada ya siku darasa letu liliacha kuwa mfano wa chumba fulani na kuwa chumba chenyewe.

Tukiwa mezani nyumbani, Shangazi alitaja zile ndoo tano kama habari za kazini. Bibi akaacha kula. Akauliza ni nani aliyewaambia tano. Shangazi akasema mzee mmoja wa pale. Bibi akasema, "Mtu hahesabu ndoo alizozisikia tu. Mzee huyo asiulizwe haraka." Kisha akaendelea kula.

Wiki ya pili mwongozaji alitaka viatu. Aliviona kichwani: viatu vya wafungwa vimepangwa mlangoni, wenyewe hawaonekani. Shangazi akazeesha jozi kumi na nne, vya ngozi, vya turubai, ndala mbili, akavitawanya kando ya mlango kama wanavyovua watu wakiingia ndani. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimeketi kwenye ngazi ya chini na bakuli la wali, yeye akiwa juu akigusia ukingo wa dari.

Kengele aliinama bila salamu, akaanza kuvipanga. Kimoja kimoja, visigino kwetu.

"Vilielekezwa ukutani," alisema. "Vyote." Akafika kwenye jozi ya mwisho, akakigeuza kiatu cha kushoto, akatazama chini yake. "Na kimoja kilikuwa na soli nene. Cha kushoto. Kama hivi." Akaonyesha kwa vidole viwili vilivyolala pamoja.

Brashi ya Shangazi ilidondosha tone moja la rangi kwenye wali wangu. Nilitazama juu. Alikuwa ameshika ngazi kwa mikono yote miwili, macho yakiwa kwenye dari.

"Asante, mzee," alisema. "Nitarekebisha."

Sauti ilikuwa ya kawaida kabisa, na ndiyo iliyonitisha. Kengele alipokwenda, alishuka, akakaa kwenye sakafu ile safi akiwa na brashi yake mapajani, akaniambia nisilie. Nilikuwa silii. Akasema kama angepiga kelele pale, kama angesema huyo ni baba yangu, yule mzee angejifunga na asingefunguka tena hadi kaburini. Anajua wapi, alisema. Yuko hapa na anajua wapi.

Akakitengeneza kile kiatu nyumbani, kwa mpira wa tairi la baiskeli, akakiweka uani kikauke. Alikificha nyuma ya pipa la maji, lakini Bibi ana macho. Nilimwona kutoka dirishani. Alikiokota, akakigeuza, akapima soli kwa dole gumba. Akakaa juu ya jiwe la kufulia na kuzifungua kamba zote, kisha akazifunga upya kwa namna yake, fundo likiwa ndani, upande wa kifundo cha mguu, ambako halionekani. Akakirudisha juani. Hakuuliza kitu, siku hiyo wala iliyofuata, ila hakulala mchana kama kawaida yake.

Mambo yangeweza kwenda hivyo taratibu, lakini mwongozaji alikuwa na mapigano yake. Pamoja na usafi wote ule, filamu ilikuwa iishe kwa mapambano makubwa: handaki refu, milipuko, watu wakikimbia. Mahali palishachaguliwa, nyuma ya jengo, kwenye uwanja wa netiboli. Katapila lingekuja Alhamisi asubuhi kuchimba.

Kengele alipolisikia hilo, alibadilika rangi. Alikwenda kwa mwalimu mkuu kusema mabomba ya maji yanapita pale. Hayapiti. Akarudi kusema udongo wa pale ni mbovu, utadidimiza mashine. Mwalimu mkuu akamtania kwamba amekuwa mhandisi uzeeni. Jumanne mchana geti la nyuma, ambalo katapila lingepitia, lilikuwa limefungwa kwa kufuli, na Kengele akasema ufunguo umepotea. Mwongozaji akasema si neno, watakata kufuli. Shangazi alikuwa anakoroga rangi. Aliniambia mkono ulisimama wenyewe. Mzee yule alikuwa na funguo arobaini na mbili kwenye pete moja na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kupoteza hata mmoja.

Akamwomba Mama Futi siku moja na kitambaa kikubwa. Dirisha la nyuma la darasa letu linatazama uwanja ule, na kwenye filamu kinachoonekana nje ya dirisha kinaweza kuwa kitambaa kilichochorwa tu, kimetundikwa hatua chache nje ya ukuta. Mama Futi alimtazama kwa muda, akampa vyote viwili bila swali. Jumatano Shangazi alichora majani. Alichora konde la kijani, limelala, laini, na maua madogo ya njano. Anasema ndiyo kazi ya uongo kuliko zote alizowahi kufanya, na aliifanya kwa uangalifu mkubwa. Akakitundika saa nane mchana. Akawaomba wenzake wakapumzike. Mimi akanituma nje, lakini dirisha la korido lina kioo kilichovunjika, na sikwenda mbali.

Kengele alikuja kufunga madirisha. Aliyafunga mawili. Kwenye la tatu akasimama.

"Nani kachora majani?"

"Mimi, mzee."

"Hapakuwa na majani." Akakinyooshea kidole kitambaa. "Malori yaligeuzia hapo. Majani yangemea vipi."

"Malori yalikwenda barabara kuu, mzee. Niliyaona mwenyewe. Niliyakimbilia."

Kengele aligeuka akamtazama, kama mtu anayetazama kiatu akitafuta mwenyewe.

"Yalikwenda," alisema. "Halafu yakarudi, kwa njia ya nyuma, taa zimezimwa."

Shangazi alichovya brashi pana kwenye rangi ya udongo, akamnyooshea upande wa mpini. Hiyo ndiyo kazi yake, alinieleza baadaye: mtu akisema umekosea, mpe brashi. Kengele aliishika kama anavyoshika ufagio. Akatoka nje kupitia mlango mdogo, akasimama mbele ya kitambaa, akaanza kupaka kutoka kushoto. Alipaka mstari mpana wa kahawia juu ya yale majani, bila haraka, akijazia palipobaki wazi. Akaomba nyekundu kidogo. Alisema udongo mpya hutoka mwekundu kuliko wa juu. Alipaka mpaka akafika pembeni mwa kitambaa, akasimama kwa sababu kitambaa kiliisha.

"Wewe ulikuwa wapi?" Shangazi aliuliza.

"Mimi nilikuwa na ndoo. Nilikuwa msafishaji wa shule, nina miaka ishirini, wakaniambia baki usafishe." Brashi ilikuwa inadondosha matone juu ya viatu vyake na hakuiona. "Mwenye soli nene aliniomba nimfungulie kamba. Mikono yao ilikuwa imefungwa nyuma. Nikashindwa mara ya kwanza, fundo lilikuwa ndani. Akanielekeza. Akanishukuru."

Shangazi alishika fremu ya dirisha. Aliuliza kwa nini hakusema, miaka yote hii, hata kwa barua isiyo na jina. Kengele alisema kila mwaka alijiambia mwaka ujao. Halafu akaona akiondoka watakuja wengine wasiojua, watajenga hapo, watachimba vyoo. Ndiyo maana hakuondoka. Akasema uwanja wa netiboli ulikuwa wazo lake, ili pasiguswe.

Mimi nacheza pale. Nafasi ya kati, siku tatu kwa wiki.

"Ufunguo uko wapi?" Shangazi aliuliza.

"Mfukoni."

"Ubaki humohumo."

Alikwenda moja kwa moja kwa mwongozaji, ambaye alikuwa amelala kifudifudi kwenye veranda na michoro ya handaki lake. Sikusikia alichomwambia. Niliona kofia ikivuliwa. Niliona Mama Futi akija na kusimama pembeni yao, mikono nyuma. Mwongozaji alibisha kidogo, si kwa ubaya, ni kama mtu anayeamshwa. Aliuliza watu watakaaje kutazama filamu ya vita isiyo na vita ndani yake. Mama Futi akamwambia ana chumba, ana dirisha, na nje ya dirisha ana kitambaa. Wakaenda wote kukitazama. Alisimama mbele ya ile kahawia mpaka jua likahama kutoka upande mmoja wa kitambaa kwenda mwingine, vidole vyake vikiwa chini.

Alhamisi asubuhi katapila lilifika na dereva akaambiwa arudi. Walipiga picha moja tu siku hiyo, ndefu. Mwigizaji anaosha sakafu. Kamera haisogei. Nyuma yake dirisha, na kule nje, kwa ukungu kidogo, kile kipande cha udongo ambacho mtazamaji hajaelezwa kitu juu yake. Hakuna muziki. Watu thelathini walisimama nje ya chumba kile na hata mpishi aliacha kukohoa.

Shangazi alirudi nyumbani mapema. Bibi alikuwa jikoni, anachambua mchele kwenye sinia. Nilibaki mlangoni.

"Mama," Shangazi alisema, "nimejua wapi."

Bibi aliendelea kutoa mawe. Alitoa matatu, akayapanga pembeni mwa sinia.

"Ni mbali?"

"Dakika kumi, mama. Kwa mwendo wako labda kumi na tano. Ni shuleni kwa huyu."

Bibi alinitazama mimi, kana kwamba ni mimi niliyemficha Babu. Amepita pale mara ngapi. Amekuja mikutano ya wazazi, amekaa kwenye viti vya plastiki, ameniona nikicheza, ameshangilia. Alizima jiko. Akasema tumbebee kigoda, kwa sababu hawezi kusimama sana siku hizi, na twende sasa hivi.

Geti la nyuma lilikuwa wazi. Kengele alikuwa ndani, karibu na nguzo ya goli, kana kwamba mtu alimwambia tunakuja, na hakuna aliyemwambia. Alimwamkia Bibi akiwa mbali. Bibi hakuitika. Alikaa kwenye kigoda chake pembeni mwa mstari wa chokaa, akapumua kidogo.

"Mwambieni anionyeshe," alisema, bila kumtazama. "Kuanzia wapi mpaka wapi."

Kengele akaenda kona ya kushoto, kule ambako tunaweka mabegi yetu. Akageuka, akaanza kutembea kwa hatua sawasawa, kichwa chini, akigusa ardhi kwa ncha ya kiatu kila hatua kama anayeichora. Alipita mstari wa katikati. Alipita nafasi yangu. Tulidhani atasimama kwenye mstari wa goli, Shangazi alikuwa ameshaanza kumsogelea.

Hakusimama. Alipita chini ya wavu wa goli, akaingia kwenye majani, akapita nyuma ya maabara, akapita kando ya msingi wa madarasa mapya ambao bado haujamwagiwa zege, na tulimsikia bado anatembea, bado anaichora ardhi kwa ncha ya kiatu.